GITAA LILILOZAMA TOPENI LAWEZA KUIMBA TENA

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ni mji wa mpakani na mji wa muziki. Umekaa ufukoni mwa Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu aweza kutoka hapo kwa miguu akaingia Goma. Kwa miongo mingi rumba ya Kongo imevuka mpaka huo bila kuulizwa pasi, na sauti iliyotangulia mbele yake ni sauti ya gitaa la umeme.

Lakini mahali hapo pazuri ni adui wa chombo hicho. Unyevu wa ziwa na wa misimu mirefu ya mvua huivimbisha mbao na kuitia chuma kutu. Volkano ya Nyiragongo, iliyo jirani, hutoa gesi ya salfa ambayo, ikichanganyika na mvua, hula hata mabati ya mapaa. Kisha kuna mafuriko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulivunja kingo zake na kuzijaza matope nyumba nyingi za Rubavu. Katika maafa ya mvua ya siku hizo, watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini Rwanda.

Mbele ya msiba wa namna hiyo, gitaa ni kitu kidogo. Hata hivyo, maji yakishapungua, mwenye cherehani huitafuta cherehani yake, na mpiga muziki hulitafuta gitaa lake. Akilikuta limevimba, shingo imepasuka na nyaya zimeoza, swali ni moja: alitupe, au alifufue?

URITHI WA VIKOSI

Swali hilo si la raia peke yao. Katika Afrika ya Mashariki, majeshi na polisi ni miongoni mwa walezi wakubwa wa gitaa la umeme. Nchini Tanzania, Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, na Kimbunga na Kimulimuli za Jeshi la Kujenga Taifa zilikuwa bendi zilizotikisa nchi nzima. Jeshi la Rwanda nalo lina bendi yake ya jazi. Katika bendi za namna hiyo, gitaa ni mali ya kikosi: mpigaji huhamishwa au hustaafu, gitaa hubaki ghalani.

Kwa Rwanda jambo hili lina uzito wa pekee. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilivuma Orchestre Impala, na mmoja wa waimbaji wake mashuhuri, Sebanani André, aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Pale ambapo wapigaji wenyewe hawapo tena, chombo kilichosalia kutoka zama zao ni shahidi. Kukitupa ni kumnyamazisha shahidi huyo mara ya pili.

KWANZA, USIGUSE SWICHI

Anayeokota gitaa lililozama hushikwa na hamu ya kulichomeka katika amplifaya ili asikie kama lingali hai. Asithubutu. Umeme wa nyumbani nchini Rwanda una nguvu ya volti 230, na amplifaya ya zamani ya valvu hufanya kazi kwa volti mamia kadhaa. Hata ikichomolewa ukutani, kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kumwangusha mtu. Mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey alifia jukwaani mjini Swansea, Wales, kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa na ardhi sawasawa. Amplifaya iliyolowa ipelekwe kwa fundi wa umeme. Gitaa lenyewe lina kazi nyingine.

Kazi hiyo huanza kwa kulegeza nyuzi. Nyuzi sita zilizokazwa huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 hivi, na mbao iliyolowa haiwezi kuubeba mzigo huo. Matope yaoshwe kwa maji safi kabla hayajakauka, kisha gitaa lianikwe kivulini penye hewa, kwa majuma kadhaa ikibidi. Jua kali na moto wa jiko ni haraka yenye hasara, kwani mbao ikikauka upesi hupasuka na viungo vya gundi huachia.

Hatua ya pili kila askari anaijua kutokana na silaha yake: fungua, panga kwa utaratibu, kagua. Kila skrubu iwekwe pahali pake na kuandikwa ilikotoka. Picha ipigwe kabla waya haujakatwa. Mafundi wengi wameshindwa kulirudisha gitaa katika hali yake kwa sababu ya kuamini kwamba watakumbuka.

MOYO WAKE NI SUMAKU

Sauti ya gitaa la umeme haitoki tumboni kama ya gitaa la kawaida. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba, mwembamba kama unywele. Mafundi huziita pikapu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, huzaa umeme mdogo sana katika waya huo, na amplifaya huukuza umeme huo hata ukumbi mzima ukasikia.

Kwa hiyo pikapu ipimwe kwa mita. Nyingi za zamani huonyesha ukinzani wa omu 6,000 hadi 8,000 hivi. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, waya umeliwa mahali. Wakati mwingine mkato upo mwishoni, na tone la lehemu hutosha. Wakati mwingine yapasa kuusuka waya wote upya. Vifundo vya sauti na tundu la kuchomekea waya, vikiwa vimekufa kwa kutu, vibadilishwe bila huzuni, navyo vya zamani vihifadhiwe katika bahasha. Ufa wa shingo utiwe gundi ya mbao na kubanwa, usiguswe mpaka ukomae.

MAKOVU YABAKI

Na rangi je? Hapa ndipo fundi mwema huonekana. Wengi hukimbilia msasa na rangi mpya, gitaa likang'aa kama la dukani, na historia yake yote ikabaki vumbi sakafuni.

Mpiga gitaa Peter Frampton alikuwa na Gibson Les Paul ya mwaka 1954. Mwaka 1980 ndege ya mizigo iliyolibeba ilianguka mjini Caracas, Venezuela, watu wakafa, naye akaamini kwamba gitaa lake liliteketea. Kumbe mtu aliliokoa, likawa likipigwa kisiwani Curaçao kwa miaka mingi. Ofisa mmoja wa forodha wa kisiwa hicho alilitambua, na mwisho wa mwaka 2011 lilirudi mikononi mwa mwenyewe, likiwa na alama za moto. Lilitengenezwa ili lipigike, lakini Frampton alitaka makovu yake yabaki, nalo likapanda jukwaani tena.

Huo ndio mpaka ambao fundi wa Gisenyi, au wa kambi yoyote, anapaswa kuulinda. Kilichovunjika kikazuia sauti, kitengenezwe. Kilichochakaa kwa kupigwa, kiachwe. Kilichobadilishwa, kiandikwe katika daftari la ghala, pamoja na tarehe na jina la aliyekibadilisha, ili atakayelipokea gitaa hilo baada ya miaka 30 ajue ni kipi cha asili na ni kipi cha kuazima.

Ndugu askari, yawezekana ghalani kwenu kuna gitaa lililolala bila nyuzi, limeandikwa katika orodha ya vitu vya kutupwa. Kabla ya kutia sahihi, litoeni nje, mlifungue, mlipime kwa mita. Waya mmoja uliokatika si kifo.