Kubadili Madirisha ya Nyumba Katika Nchi ya Baridi

Wasomaji wetu wakaao Kwai, Lushoto na mahali pengine katika milima ya Usambara hawana haja ya kuambiwa baridi ni nini. Kwai iko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti ukungu hukaa bondeni hata jua likiisha kupanda. Mwishoni mwa karne ya 19 Wadachi waliweka hapo shamba la Serikali la kujaribia mazao na mifugo ya Ulaya, kwa kuwa hali ya hewa yake yafanana kidogo na ile ya kwao.

Siku hizi watu wengi watengenezao upya nyumba zao huanza na madirisha. Huondoa yale ya mbao ya zamani, wakatia ya vioo. Jambo hili ni jema, maana mtoto aliye na nuru chumbani aweza kusoma bila kuchosha macho. Lakini lina hatari moja ambayo yatupasa kuieleza kwa makini.

Dirisha lina kazi tatu: kuleta nuru, kubadili hewa, na kuzuia mvua, upepo na mwizi. Dirisha kuukuu la mbao halileti nuru likifungwa, wala halizuii upepo vema. Lakini kazi ya pili laifanya usiku kucha, maana hewa hupita katika nyufa zake. Dirisha jipya lililofungwa sawasawa halina nyufa. Basi mwenye nyumba akiingiza jiko la mkaa chumbani kama alivyozoea, akafunga madirisha na mlango, hewa safi hupungua, na mkaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huivuta kwa pumzi, ikaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, kisha hushikwa na usingizi, na pengine haamki tena. Mtu asidhani ya kuwa mkaa usiotoa moshi hauna madhara. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Kanuni iwe moja tu, jiko lisilale chumbani. Akionekana mtu aliyepatwa na hewa hiyo, atolewe nje upesi, na apelekwe hospitali.

Kadhalika, kabla ya kununua madirisha, fikirini ukubwa wake. Kanuni itumiwayo na mafundi wengi ni kwamba dirisha liwe sehemu moja katika kumi ya sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Chumba chenye mita 3 kwa mita 3 kina mita 9 za mraba. Basi dirisha lake lisipungue mita 0.9 za mraba. Dirisha la alumini la kusukuma kando hufunguka nusu tu, bali la bawaba hufunguka lote. Mwenye kuchagua la kusukuma asipunguze kipimo hiki hata kidogo.

Tena, si kila dirisha la zamani lastahili kutupwa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Madirisha mengine ya zamani yalifanywa kwa mbao za mtarakwa, ambazo haziozi upesi wala mchwa hawazipendi. Chukueni kisu, mkachome miimo na hasa ubao wa chini, ambapo maji hutuama. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao zimeoza. Kikigoma, pengine yatosha kubadili bawaba, kupiga randa mahali palipovimba, na kutia vioo katika fremu ile ile. Mbao za kufunga kwa ndani zikibaki, zitasaidia kuzuia baridi usiku, maana kioo kimoja chembamba hupitisha baridi upesi.

Ikiwa rangi ya zamani yabanduka, msiikwangue ikiwa kavu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Ilowesheni kwanza, watoto wakae mbali, na takataka zikusanywe zote.

Siku ya kupima, pimeni upana wa tundu mahali patatu, juu, katikati na chini, mkafuate kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Pimeni pia kutoka pembe hata pembe. Vipimo viwili vikitofautiana, tundu limepinda. Katika nyumba ya udongo msiondoe madirisha yote pamoja, na boriti ya juu ya tundu itegemezwe kwanza. Ubao wa chini uinamishwe nje kidogo, na uchongwe kijifereji upande wa chini ili maji yadondoke mbali na ukuta. Msianze kazi karibu na masika, yaani Machi hata Mei.

Twawaomba wazee wa vijiji na walimu wawasomee habari hizi wale wasiojua kusoma, hasa neno la jiko la mkaa, kabla ya baridi kuanza.