Usiku Mmoja Jabal Musa: Tutengeneze Nia Kabla ya Mizigo

Katika jangwa la Sinai, nchini Misri, upo mlima wenye kimo cha mita 2,285 ambao wenyeji huuita Jabal Musa. Wengi husadiki kuwa ndio Mlima Tur, pale Mwenyezi Mungu alipozungumza na Nabii Musa (a.s.), ijapokuwa wanahistoria hawajaafikiana juu ya mahali penyewe. Qur'ani Tukufu ina sura yenye jina la mlima huo, Suratut-Tur. Na katika Suratut-Tin umeapiwa pamoja na tini, zeituni na mji wa amani. Si ajabu, basi, familia ya Kiislamu iliyofika Misri, pengine kumzuru kijana wao anayesoma Al-Azhar, ikatamani kulala walau usiku mmoja majabalini humo.

Kabla ya kufunga mizigo, hata hivyo, lipo suala la nia. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abu Huraira (r.a.) alikwenda Tur, na aliporudi akakutana na Basra bin Abi Basra al-Ghifari (r.a.). Huyu akamwambia kuwa lau angalimwahi kabla hajatoka, asingalikwenda. Hoja yake ilikuwa hadithi ya Mtume (s.a.w.) kwamba safari hazifungwi ila kuelekea misikiti mitatu: wa Makka, wa Madina na wa Baitul-Maqdis. Wanazuoni wengi wameifahamu kuwa inahusu kusafiri kwa kutafuta fadhila maalumu ya kuabudu mahali fulani. Ama safari ya elimu, ya kuzuru jamaa au ya kutafakari, mlango wake haukufungwa. Baba na mama wawaeleze watoto mapema: hatwendi kuhiji, wala hatuchukui jiwe la baraka. Twendako ni darasani.

Wapandao huongozwa na Mabedui wa kabila la Jabaliya, Waislamu ambao kwa vizazi vingi wamekuwa majirani na walinzi wa monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa chini ya mlima huo katika karne ya 6. Njia ni mbili: ile pana ipitwayo na ngamia, na ile ya ngazi za mawe zinazosemekana kuwa 3,750. Zote mbili hukutana chini ya kilele, na kutoka hapo husalia ngazi kama 750. Wenye watoto na wazee ni bora wachukue njia ya ngamia, wapumzike pale njia zikutanapo, kisha wamalizie kabla ya alfajiri. Wasidanganywe na neno jangwa: usiku wa huko una baridi kali, na wakati wa kipupwe theluji huanguka. Mablanketi, nguo nzito, tochi na maji ya kutosha si anasa.

Hapo ndipo fiqhi ya madrasa inapopata uhai. Mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezoea kuelekea kaskazini katika sala, ataambiwa kuwa hapa Makka iko kusini-mashariki. Atasali rakaa mbili mahali pa nne, kwa kuwa ni msafiri. Na maji yakiwa ya kunywa tu, atapiga mchanga kwa viganja vyake na kutayamamu. Akishuka, ataona ndani ya kuta za monasteri msikiti wa zama za Mafatimi, ulio karibu na kanisa. Naye atauliza maswali ambayo wazazi wawe tayari kuyajibu kwa insafu.

Lakini somo kubwa li katika kisa chenyewe. Nabii Musa alipokuwa katika miadi ya siku arubaini, watu wake walibaki nyuma wakaabudu ndama. Watu hao walikwisha kuona bahari ikipasuliwa kwa ajili yao. Ajabu hiyo haikutosha kuwashika pale Nabii wao alipokuwa mbali kwa siku chache tu. Basi familia itakayokesha Jabal Musa, ikarejea nyumbani na kuipuuza sala ya alfajiri, itakuwa imepanda jiwe tu. Na ile isiyojaaliwa kufika Sinai, ikaisoma Suratu Taha kwa mazingatio baada ya Magharibi, haikupungukiwa na kitu.