Mkono wa breki: "mgumu" si "kali"

Mkono wa breki (wingi: *mikono ya breki*) ni kishikio ambacho mwendesha baiskeli hukivuta kwa vidole ili waya uzisogeze raba kwenye rimu. Wafasiri aghalabu huchanganya sifa mbili: *mgumu*, yaani mkono unavyohisiwa vidoleni, na *kali*, yaani nguvu ya breki ya kusimamisha gurudumu.

Usukani uliopindwa kwenda chini, kama wa baiskeli za mashindano, kwa kawaida huwa na mikono ivutayo waya kidogo. Mikono hiyo huoana na breki inayobana rimu mfano wa koleo. Breki ya V, yenye vyuma viwili virefu kandokando ya gurudumu, huhitaji waya uvutwe takribani mara mbili ya kiasi hicho. Ikiunganishwa na mikono hiyo, mkono huwa laini na huweza kugota kwenye usukani kabla raba hazijabana. Kinyume chake, mkono uvutao waya mwingi ukiunganishwa na breki ya koleo huwa mgumu, ilhali breki ni dhaifu.

Kosa hili la maneno laweza kuhatarisha maisha. Kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, barabara ya Kyela huteremka takribani mita 1,000 kuelekea uwanda wa Ziwa Nyasa, katika nchi ya mvua nyingi. Na rimu ikilowa, nguvu ya breki hupungua.

*Sahihi:* Mkono ni mgumu, lakini breki si kali.
*Isifasiriwe:* Breki ni kali, kwa kuwa mkono ni mgumu.