ALAMA ZA AJABU KATIKA MAANDISHI YA KOMPYUTA: TUZIFUTE AU TUZIREJESHE?



Katika mtihani wa fiqhi wa mwaka uliopita tuliuliza swali jepesi: mfanyabiashara mwenye shilingi 100,000,000 zilizotimiza mwaka atoe zaka kiasi gani? Wengi walijibu shilingi 2,000,000, nasi tukawakosesha. Baada ya mtihani kijana mmoja akaja ofisini na karatasi ya masomo mkononi. Akasema kwa adabu, "Ustadhi, mimi nimejibu kama ilivyoandikwa hapa." Tukaitazama karatasi. Kweli, iliandikwa "asilimia 2". Karatasi ile tuliitoa sisi wenyewe.

Jibu sahihi, kama mnavyojua, ni asilimia mbili na nusu, yaani shilingi 2,500,000. Ile nusu iliyopotea ni shilingi 500,000, nayo ni haki ya masikini. Tuliwarudishia wanafunzi alama zao. Lakini tumeona ni wajibu wetu pia kueleza kosa lilitokea wapi, kwa sababu wengi wenu sasa mnachapa kazi zenu kwa kompyuta, na linaweza kuwapata hata nyinyi.

Masomo yale yalichapwa miaka mingi iliyopita kwa kompyuta ya zamani. Tulipopata kompyuta nyingine, faili likageuzwa kuwa maandishi matupu ili lifunguke. Tulipolifungua tukakuta kijiumbo cheusi chenye alama ya kuuliza katikati, namna hii: �. Kilikuwa kimetapakaa kila ukurasa. Tukadhani ni uchafu. Tukaiamuru kompyuta ikitafute na kukiondoa chote kwa mkupuo mmoja. Karatasi ikawa safi, tukafurahi, tukatoa kopi. Kumbe palipoandikwa "2½" palikuwa pamekuwa "2�", na baada ya usafi wetu pakabaki "2".

Kompyuta inahifadhije herufi?

Kompyuta haijui alifu wala A. Inajua namba tu. Kila herufi imepewa namba yake, na orodha ya namba hizo huitwa jedwali la herufi. Jedwali la Marekani la mwaka 1963, liitwalo ASCII, lilikuwa na nafasi 128 tu. Zilitosha kwa Kiingereza, lakini Kiarabu hakikuwamo, wala ½ haikuwamo. Baadaye kila lugha ikatengenezewa jedwali lake. Katika programu za Windows, jedwali namba 1252 lilikuwa la lugha za Ulaya Magharibi, na namba 1256 lilikuwa la Kiarabu. Namba ileile ikawa na maana tofauti kila ulipobadili jedwali.

Ili kuondoa fujo hiyo, mwaka 1991 lilitolewa jedwali moja la lugha zote, liitwalo Unicode. Mwaka uliofuata, Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuliandika iitwayo UTF-8, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo. Humo herufi nyingine huchukua namba mbili au tatu badala ya moja.

Basi alama za ajabu hutokea pale faili lililoandikwa kwa jedwali moja linaposomwa kwa jedwali jingine. Kwa kawaida alama hizo ni herufi zetu wenyewe zilizosomwa kimakosa.

Aina mbili za maradhi

Aina ya kwanza inatibika. Hapa faili la UTF-8 limesomwa kwa jedwali la zamani, na herufi moja ikaonekana kama mbili au tatu. Mfano wa karibu ni Mang'ula, jirani zetu wa chini ya milima ya Udzungwa. Programu za kuchapa hupenda kuipinda ile alama ya ng', na ikisomwa vibaya jina la mji huwa Mangâ€™ula. Vivyo hivyo ½ huwa Â½. Neno la Kiarabu سلام huwa Ø³Ù„Ø§Ù…. Ukiona Ø na Ù zimejazana, jua hapo pana Kiarabu. Lakini Ø moja iliyosimama peke yake mwanzoni mwa mstari mara nyingi ni kile kimshale cha kuorodhesha hoja, kilichopoteza fonti yake.

Aina ya pili ni ya hatari. Hapa faili la jedwali la zamani limesomwa kama UTF-8. Kompyuta ikikuta namba isiyoielewa huweka �, na alama hiyo ni moja kwa herufi zote zilizoshindikana. Nusu huwa �, na ile alama ya ng' iliyopindwa nayo huwa �. Ukishahifadhi faili katika hali hiyo, kompyuta haiwezi tena kukuambia palikuwa na nini. Hayo ndiyo yaliyotupata. Katika karatasi zetu Mang'ula ikawa Mangula, ambalo ni jina la watu. Na palipoandikwa kung'oa magugu pakawa "kungoa". Kung'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake, na ngoa ni wivu.

Namna ya kurekebisha

1. Kabla ya yote toa nakala ya faili, uifanyie kazi nakala. Asili usiiguse.

2. Ukiona � usihifadhi. Funga faili bila kuhifadhi, kisha lifungue upya. Programu nyingi za kuchapa hukuruhusu kuchagua jedwali wakati wa kufungua maandishi matupu. Jaribu UTF-8. Ikishindikana jaribu 1252, na kama ni Kiarabu cha zamani jaribu 1256. Neno سلام la jedwali la 1256 likisomwa kwa 1252 huonekana ÓáÇã. Ukichagua jedwali sahihi, maandishi hurejea yote kwa mara moja bila kufuta kitu.

3. Kama asili haipo, na alama ni za aina ya kwanza, andika orodha kwenye daftari: alama hii ni badala ya herufi ipi. Kisha badilisha moja baada ya nyingine, ukianza na ndefu. Badilisha â€™ kabla ya kugusa â€, la sivyo utabakiwa na ™ zinazoning'inia.

4. Kama ni �, usibadilishe zote kwa mkupuo. Simama kwenye kila moja, usome sentensi nzima, na ufungue karatasi ya zamani. Sisi tuliokolewa na kopi iliyobaki kabatini. Penye tarakimu usikisie hata kidogo.

5. Aya na hadithi zisiunganishwe kwa kubahatisha. Futa kipande chote kilichoharibika, ukiandike upya kutoka katika msahafu au kitabu chenyewe, kisha mpe mwalimu akisome.

6. Mwisho, mmoja ashike nakala na mwingine ashike asili, msomeane kwa sauti. Hili si jambo geni kwetu. Wanavyuoni waliokuwa wakinakili vitabu kwa mkono waliliita muqabala, yaani kulinganisha nakala na asili yake, na nakala ambayo haikulinganishwa haikuaminiwa.

Wanafunzi wapenzi, siku ya kwanza mlipokaa kwenye mkeka mlifundishwa ba, ta na tha. Umbo lao ni moja, na kinachozitenganisha ni nukta tu. Mtoto akiifuta nukta ya ba kwa kudhani ni tone la wino, hajasafisha ubao, amepoteza herufi. Sisi walimu wenu tulifanya hivyohivyo kwa kompyuta, na kijana aliyekuja na karatasi yake ndiye aliyetuzindua. Tunamshukuru. Nanyi mkiona kosa katika karatasi zetu, msione haya, leteni.

Karatasi za zaka zimeshachapwa upya. Aliye na ile ya zamani airudishe ofisini, achukue nyingine.

Wabillahi tawfiq.