Korongo wa Saiwa na mtaro wa baba

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelalia matete, na mlio ukatoka upande wa mto: mzito, wenye mapigo mawili, kama baragumu la pembe mikononi mwa mtu anayejifunza kulipuliza. Ukajibiwa na wa pili. Mzee aliyekuwa akinitembeza akasimama katikati ya daraja la mbao, akainua kidole. "Wawili," alisema. "Wakianza kuitana hivi, wanatafuta pa kutagia mayai."

Hapa ni Saiwa, kaunti ya Trans Nzoia, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Kitale ukishika barabara ya Kapenguria. Mbuga hii ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya, karibu kilomita tatu za mraba tu. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope. Gari haliingii. Unatembea kwa miguu yako, juu ya mbao zilizopigiliwa misumari juu ya maji, na ukichoka unapanda kwenye minara ya mbao iliyojengwa mitini na kungoja. Wengi huja kumtafuta nzohe. Mimi huja kutafuta ndege, na mwezi ninaoupenda ni Aprili.

Kule Ulaya watu wanaopenda ndege hungoja baridi ikatike, ndege warudi, viota vianze. Mbayuwayu wanaorudi huko ndio hawa hawa waliojipanga kwenye nyaya za umeme za Kitale tangu Oktoba. Mwisho wa Aprili nyaya zimebaki tupu. Wamekwenda kutaga kwao, au pengine niseme kwao kwa pili, maana sehemu kubwa ya mwaka wanakuwa kwetu. Sisi tunaobaki tuna majira yetu, na yanaletwa na mvua. Mahindi yametokeza kidole kimoja juu ya udongo, vyura hawalali, na juu ya mto Saiwa kwera wameshaanza kazi.

Kwera wale wenye vichwa vyeusi ukikaa nao saa moja hutajutia muda wako. Dume hung'ata ukingo wa jani la tete, huruka nalo likachanika utepe mrefu, kisha huuzungusha kwenye kijiti akiukanyaga kwa mguu mmoja usimtoroke. Anaupitisha juu, anauvuta chini, anauingiza kwenye kitanzi alichoacha mwenyewe. Kinachotangulia ni pete. Akishapata pete anasimama ndani yake, na kuanzia hapo hageuki: chumba kinakua mbele yake hadi pale mdomo wake unapofika. Kisha ananing'inia chini ya kiota akipigapiga mabawa na kupiga kelele ili jike aje kukagua. Nilimwona jike mmoja akiingia, akivuta nyuzi mbili tatu kutoka ndani, akatoka bila kutazama nyuma. Kiota kikishageuka rangi, kikatoka kijani na kuwa kahawia, majike hawakitaki tena, na dume hukifumua mwenyewe kwa mdomo aliokifumia. Anaanza upya palepale.

Shorobo wa Ross walipita juu yetu mara moja, zambarau iliyokolea inayoonekana nyeusi mpaka bawa lifunguke na wekundu ukutokee machoni. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, shaba hasa. Kati ya ndege zaidi ya aina 370 waliowahi kuhesabiwa hapa, huyu ndiye ambaye wageni wengi humpiga picha. Lakini nilikuja kwa ajili ya korongo, na ukungu ulikuwa unaanza kupanda.

Neno korongo tumelipa kazi nyingi. Ni ndege kadhaa wenye miguu mirefu, na tena ni bonde lililochimbwa na maji. Ninayemsema hapa ni korongo-taji wa kijivu, yule aliyesimama kwa mguu mmoja katikati ya bendera ya Uganda tangu 1962, yule ambaye Waganda humwita ng'aali na kuna ukoo mzima wenye jina lake. Ana urefu wa meta moja hivi, shavu jeupe, kifuko chekundu shingoni, na kichwani ule ushungi wa dhahabu uliosimama kama mabua makavu. Jike na dume wamefanana. Ukiwatazama huwezi kuwatofautisha. Korongo wengine wa dunia hulala wamesimama majini au chini. Jamii ya wenye taji peke yao ndio wenye kidole cha nyuma kirefu cha kutosha kushika tawi, kwa hiyo jioni utawaona juu ya mti mkavu, wakubwa kupita kiasi kwa tawi lililowabeba.

Wale wawili walikuwa kwenye uwazi wa nyasi ng'ambo ya mto. Mmoja aliinamisha kichwa, akakitikisa, akaruka na mabawa wazi. Mwenziwe akafuata. Kisha wakaacha kucheza ghafla na kuanza kula, wakikanyaga chini kwa nguvu, hatua fupifupi, ili panzi waliojificha kwenye nyasi waruke wadakwe. Katika Afrika Mashariki ndege hawa wanaweza kutaga mwezi wowote. Hawafuati kalenda, wanafuata kina cha maji. Wanataka maji ya kutosha kumzuia mbwa na mbweha asifike, lakini yasiwe mengi hata yafunike kiota, na wanataka nyasi au matete ya urefu wa kiuno cha mtu, ili anayeatamia afichike akilala na aone akiinua shingo.

Kiota chao nimekiona kwa karibu mara moja maishani, nikiwa na miaka kumi. Nyuma ya boma letu kulikuwa na kinamasi cha ekari moja na nusu hivi. Nilikuwa natafuta ndama. Nyasi zilikuwa zimelazwa na kukanyagwa zikawa duara pana kama ungo, limeinuka shibiri moja juu ya maji, na katikati mayai mawili. Hayakuwa na madoa. Yalikuwa meupe yenye dalili ya samawati, yamechafuka tope upande mmoja, makubwa kuliko ya bata. Nilisimama maji yakiwa magotini na korongo mkubwa akawa ananijia huku akiburuta bawa moja kana kwamba limevunjika. Nilirudi nyuma. Nilimwambia mama peke yake, naye akaniambia nisimwambie mtu, kwa sababu mayai yale yana wateja na vifaranga wana wateja zaidi.

Huatamia kwa zamu, mama na baba, kwa mwezi mmoja hivi. Kifaranga hutembea karibu mara tu anapokauka, lakini kuruka ni habari nyingine: miezi miwili, mara nyingi mitatu. Ukijumlisha, jozi moja inahitaji kipande cha kinamasi kisichoguswa kwa takriban miezi minne. Ng'ombe wasiingie, nyasi zisikatwe, mbwa wasiachiwe, na mtoto anayetafuta ndama arudi nyuma.

Na hapo ndipo hesabu inapokataa. Mbuga ni ndogo mno kwa korongo. Jozi inayotaga hulinda eneo lake na haitaki majirani. Kwa hiyo viota vingi vya eneo hili haviko mbugani. Viko kwenye vinamasi vya nyuma ya nyumba za watu, katika mashamba ya ekari mbili, ekari tano, kandokando ya vijito vinavyoingia mtoni. Watu wa Kipsaina, kijiji kinachopakana na mbuga, waliliona hilo mapema wakaunda kikundi cha kulinda korongo na vinamasi, wakawa wanapanda miti ya kienyeji na kuzungumza na majirani zao shamba kwa shamba. Nawaheshimu kwa hilo. Mtu aliyechimba mtaro wa kukausha kinamasi chake hasikii tangazo la redio, lakini akifuatwa nyumbani kwake na jirani atasikia.

Naongea nikiwa najua. Mwaka nilioingia darasa la tano baba alichimba mtaro kupitia kile kinamasi chetu, akapanda sukuma wiki, na mwisho wa shamba safu mbili za mikaratusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karo ya watoto sita. Sukuma wiki ilitulisha miaka mitatu, kisha ardhi ikakauka ikapasuka, na kisima cha jirani wa chini kikapungua. Korongo walikuja mwaka uliofuata, wakatembea palepale walipokuwa wakitagia, wakaondoka. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na mito na vyanzo vya maji ing'olewe. Yetu ilibaki.

Kuna sumu pia. Korongo huchimbua mbegu za mahindi zilizopandwa karibuni, na mkulima aliyenunua mbegu kwa mkopo humwona ndege huyu kwa jicho jingine kabisa. Wengine huwategea sumu. Ongeza nyaya za umeme wanazogonga jioni wakirudi mitini. Katikati ya miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 Afrika nzima; kufikia 2004 ni kati ya 50,000 na 64,000, na mwaka 2012 wakatangazwa kuwa hatarini kutoweka. Lakini Rwanda, ambako ndege hawa walikuwa wakifugwa mahotelini na kwenye bustani za matajiri wakiwa wamekatwa mabawa, waliamua kuwakusanya na kuwarudisha porini. Walipohesabu mwaka 2017 walipata 487. Mwaka 2022 walipata zaidi ya 1,000. Nchi ndogo, yenye watu waliosongamana kama sisi wa Trans Nzoia. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba haiwezekani.

Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mwaka jana, mimi na kaka yangu tulikata mikaratusi tukauza nguzo, na kwa sehemu ya pesa tukaziba mtaro kwa magunia ya udongo, mahali patatu. Maji yalichukua msimu mzima kurudi. Nyasi za kinamasi zilikuja zenyewe, hatukupanda hata moja.

Jumapili hiyo ya Aprili, baada ya kutoka Saiwa, nilipitia nyumbani. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayeogopa kulitisha jambo, kwamba asubuhi wawili walitua kule nyuma. Hawakukaa sana. Nilivua viatu nikashuka. Maji yalinifika chini kidogo ya magoti. Katikati ya kinamasi nyasi zilikuwa zimekanyagwa, zimelala upande mmoja, na katika tope la ukingoni kulikuwa na alama za vidole vitatu mbele na kimoja kirefu nyuma.