Striti traka

Striti traka ni pikipiki ya barabarani iliyoundwa au kubadilishwa ifanane na pikipiki za mbio za flati traki, zinazozunguka uwanja wa udongo wenye umbo la yai, hasa nchini Marekani. Nchini Tanzania mafundi wa bodaboda huongeza keria ya mizigo. Fundi wa striti traka hupunguza uzito, akiweka usukani mpana, tangi dogo na kiti chembamba.

Pikipiki ya mbio hizo, kama Harley-Davidson XR-750, haina breki ya mbele wala taa. Dereva hupunguza mwendo kwa kutelezesha gurudumu la nyuma kwenye kona. Barabarani haifai kuigwa hivyo: pikipiki inapofunga breki, uzito huhamia mbele, na breki ya mbele ndiyo husimamisha zaidi. Kwa hiyo ni lazima breki hiyo iwepo, pamoja na taa, honi na vioo.