Nani atalipia mambo ya kale ya Lindi?

Akiolojia ya kibiashara huishi kwa ujenzi. Uingereza, tangu mwongozo wa mipango wa 1990, anayetaka kujenga ndiye anayelipia uchimbaji wa kitaalamu kabla tingatinga halijapita. Na kwa kuwa London haiachi kujengwa, kampuni za kazi hiyo huweza kulipa mishahara mwaka mzima. Nasi Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na humo mali kale hukaguliwa.

Lakini mkoani Lindi miradi hiyo ni ya msimu. Bomba la gesi linalopita humo kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Kiwanda cha gesi kimiminika cha Likong'o kinasubiriwa kwa miaka mingi. Katikati hapo mtaalamu atakula nini? Sioni kampuni ya kufungua ofisi Kilwa Masoko, mkoani humo, kwa matumaini hayo.

Uharibifu nao hausubiri. Kijiji cha kale cha pwani hii mara nyingi hakina hata ukuta mmoja. Ni udongo mweusi kuliko wa jirani, makombe, vigae vya vyungu vilivyochorwa pembetatu, mavi ya chuma, pengine ushanga wa kioo mdogo kama punje ya mtama. Mchimba choo hulimaliza tabaka hilo asubuhi moja, na tathmini ya mazingira haimhusu.

Tena, mengi tunayoyajua yamelipiwa na utafiti, siyo na wawekezaji. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kwa miaka, matokeo yakachapishwa 1974. Songo Mnara, tangu 2009, watafiti wa vyuo vikuu walichunguza hata viwanja vitupu kati ya nyumba, mahali ambapo mkaguzi mwenye haraka angeandika kwamba hapana kitu.

Kwa hiyo sishauri kampuni. Miradi mikubwa ilipe, ila fedha ziingie kwenye mfuko wa kumwajiri mwanaakiolojia wa kudumu wilayani Kilwa, mwenye pikipiki, ghala la kutunzia vigae, na vijana wa Kilwa Kivinje aliowafundisha kusoma udongo. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi 2023, italeta nyumba za wageni, maduka na mashimo ya vyoo. Hayo ndiyo mashimo ya kukaguliwa, na fundi apewe jibu siku hiyohiyo ili asipoteze kibarua chake.